Apolo Kivebulaya, Kasisi wa Boga

Katika mji wa Juba, ambao ndio mji mkuu wa Sudan Kusini, kuna mtaa uitwao Mangateen. Mwaka 2018 watu wengi waliokuwa wamekimbia vita vilivyoanza Desemba 2013 walihamishiwa hapo, wakajenga vibanda vya turubai karibu na nyumba za wenyeji. Katika mji ule mtu husikia Kinuer upande huu, Kibari upande ule, Kiarabu cha Juba sokoni, na penginepo Kiswahili, kwa kuwa wako waliokaa miaka mingi katika kambi ya Kakuma nchini Kenya au katika kambi za Uganda. Kanisa lolote likutanalo mahali pa namna hii, liwe la Kibatisti au la dhehebu jingine, sharti lijibu swali moja kabla halijaanza kuimba. Mtu ambaye ndugu zake walipigana na ndugu zangu, je, nitakaa naye benchi moja? Nitamwombea, nami nitakubali aniombee?

Swali hilo si geni. Mto mkubwa upitao Juba, ukiufuata kwenda kusini na kupita Nimule, utakufikisha Ziwa Albert. Na katika ncha ya kusini ya ziwa hilo humwagika Mto Semliki, upitao chini ya milima ya Ruwenzori. Ng'ambo ya magharibi ya Semliki, juu ya vilima vya Kongo, kuna mji mdogo uitwao Boga, ambao zamani uliandikwa Mboga. Hapo pana kaburi la mtu aliyelijibu swali lile, si kwa hotuba bali kwa maisha yake yote. Jina lake ni Apolo Kivebulaya, nami nataka kuwasimulia habari zake.

Apolo alizaliwa karibu mwaka 1864 katika nchi ya Buganda. Alizaliwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha wa kiume aliyetangulia huitwa Waswa, kama vile wengi wetu tumwitavyo Kulwa. Basi Waswa ndilo lililokuwa jina lake la utotoni.

Siku hizo Kabaka alikuwa Mutesa wa Kwanza, na Buganda ilikuwa nchi ya mabadiliko makubwa. Wafanya biashara Waarabu na Waswahili kutoka Unguja walikuwa wamekwisha fika na nguo, bunduki na dini ya Kiislamu. Mwaka 1877 walikuja wamisionari Waprotestanti kutoka Uingereza, na mwaka 1879 wakafuata Mapadre Weupe, wengi wao Wafaransa. Kijana Waswa alikua katikati ya mambo hayo yote. Inasimuliwa ya kwamba kwanza alipelekwa kwa mganga ajifunze kazi ya uganga, lakini alipouona udanganyifu uliokuwamo akauacha. Baadaye akafuata Uislamu kwa muda. Hata mwisho akayasikia mafundisho ya Wakristo, na miongoni mwa walimu wao alikuwako Alexander Mackay, yule fundi Mskoti aliyejua kuhunzi, kujenga na kupiga chapa vitabu.

Katika Buganda ya wakati ule Mkristo aliitwa msomaji, kwa sababu hakuna aliyebatizwa bila kujifunza kusoma. Vitabu vilikuwa haba. Wazee husimulia ya kuwa watu wengi waliketi wakakizunguka kitabu kimoja, hata wengine wakazoea kusoma maandishi yakiwa juu chini, kwa kuwa ndivyo walivyoyaona tangu siku ya kwanza. Ninyi mnaolalamika kwa kushiriki kitabu kimoja watu wawili, yatafakarini hayo.

Lakini kusoma pamoja si dawa ya kila ugonjwa. Mutesa alikufa mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akaketi mahali pake. Wakristo wengi wakauawa, na siku iliyo mashuhuri zaidi ni tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo. Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe akafukuzwa, kisha Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki wakapigana wao kwa wao kwa miaka kadha. Watu waliokuwa wamekaa baraza moja na kula sahani moja wakaelekezeana bunduki. Waswa naye alikuwa kijana mwenye nguvu, akashika silaha kama wenzake. Hata nchi ya Toro, iliyo magharibi ya Buganda, mara ya kwanza aliifikia katika mambo ya kijeshi, wala si kwa kuhubiri.

Neno hili ni la kukumbuka, kwa maana linatufahamisha jinsi watu wa magharibi walivyomwona mgeni atokaye mashariki. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alipita Toro, akaacha katika ngome zake askari wa Kisudani waliokuwa wa Emin Pasha, mtawala wa Ekwatoria, yaani nchi ile ile ambayo leo Juba imo ndani yake. Askari hao waliwanyang'anya wenyeji mali na chakula. Kwa hiyo mtu wa Toro au wa Boga alipomwona mgeni anakuja, hakufikiri kwanza habari ya salamu. Alifikiri ng'ombe wake, mtama wake na watoto wake.

Mwaka 1895 Waswa alibatizwa akapewa jina la Apolo. Jina la pili, Kivebulaya, alipewa na watu kwa mzaha. Alizoea kuvaa koti jekundu la kiaskari juu ya kanzu yake nyeupe, na kwa Kiganda kivebulaya maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Hakulikasirikia jina hilo, bali alilichukua mpaka kufa kwake. Na huu ndio mchezo wa mambo ya dunia, kwamba mtu aliyeitwa kitu cha Ulaya ndiye aliyewaonyesha watu wengi ya kuwa Injili inaweza kuletwa na Mwafrika mwenye miguu mitupu, asiye na bunduki wala wapagazi.

Baada ya ubatizo wake alijitoa kuwa mwalimu, akatumwa Toro kwa Mukama Kasagama. Huko zikaja habari za Boga. Mtawala wa Boga alikuwa Tabaro, wa kabila la Wahema. Walimu wawili Waganda walikuwa wamekwisha kwenda huko, lakini hawakudumu, maana walinyimwa chakula mpaka wakalazimika kurudi. Palipoulizwa ni nani atakayekwenda tena mahali palipowashinda wenziwe, Apolo alikubali. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1896. Akapita milima ya Ruwenzori upande wake wa kaskazini, akateremkia bonde la joto la Semliki, akauvuka mto, akapanda vilima vya ng'ambo.

Hapo mwanzo mambo hayakuwa mabaya. Apolo akajenga, akalima, akaanza kuwafundisha kusoma wale waliopenda. Alikuwa mtu wa jembe; popote alipokaa alipanda chakula, na watu wakajifunza kwake bustani kama walivyojifunza kwake herufi. Mtu alimaye chakula chake mwenyewe hawezi kufukuzwa kwa njaa, na hapo ndipo alipowapita wale waliomtangulia.

Lakini wasomaji walipoongezeka, Tabaro akaanza kuona taabu. Mwalimu huyu alisema juu ya ulevi, alisema juu ya wake wengi, na vijana wakawa wanamsikiliza. Tusimdhanie Tabaro kuwa mtu mwovu tu. Alikuwa mtawala mdogo katika miaka ambayo watawala wadogo walikuwa wakimezwa, na kila mtu aliyetoka Buganda au Toro aliweza kuwa jicho la utawala mpya. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini mwenyeji aliyekwisha umizwa na wageni huona vigumu kuisadiki methali hiyo. Basi Apolo akapigwa, na nyumba ya sala ikatiwa moto.

Kisha likatokea jambo baya zaidi. Siku moja watu walikuwa katika kazi ya kujenga, na mkuki ulikuwa umefichika ndani ya majani ya kujengea. Dada yake Tabaro akauangukia mkuki ule, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Tabaro alimshitaki Apolo kwamba ndiye aliyemwua. Apolo akafungwa, akapelekwa mpaka Toro kwenye boma la Waingereza, akatiwa gerezani.

Wanafunzi wenzangu, hebu tufikiri kidogo juu ya mtu huyu. Alikuwa ameiacha nchi yake, hana mke wala mtoto. Wale aliowaendea kwa wema walikuwa wamempiga, wakamchomea nyumba, na sasa wanamwita mwuaji. Mtu wa kawaida angesema moyoni mwake ya kuwa wajibu wake umekwisha, na hakuna ambaye angemlaumu. Wale wawili wa kwanza walirudi kwa ajili ya njaa tu, tena hatuwacheki.

Apolo mwenyewe alisimulia baadaye ya kwamba katika siku zile za dhiki aliomba, naye akamwona Kristo katika njozi, aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa kuwa yupo pamoja naye. Kila msomaji ana haki ya kufikiri apendavyo juu ya njozi. Lakini matunda yake yalionekana na watu wote, wenye imani na wasio na imani. Tangu siku hiyo Apolo hakuwa mtu wa kutishika. Kesi ilipokosa nguvu akafunguliwa, na mahali alipokwenda si nyumbani Buganda, wala hakukaa Toro kwa salama. Alirudi Boga.

Tabaro alistaajabu sana kumwona. Alikuwa amezoea watu wanaorudi kwa jeshi ili kulipiza kisasi, na watu wanaokimbia wasirudi tena. Mtu wa tatu, anayerudi peke yake bila silaha na bila mashitaka, hakuwa amemwona bado. Ndipo moyo wake ukaanza kugeuka. Akasikiliza mafundisho, na mwishowe akabatizwa, akachagua kuitwa Paulo. Nanyi mnajua ya kuwa Paulo wa Biblia naye alikuwa mtesaji kabla hajawa ndugu. Mtu aliyemfunga Apolo akawa anakaa pamoja naye katika nyumba moja ya sala. Hilo ndilo jibu la kwanza la Apolo kwa lile swali la Mangateen. Hakungoja adui amwombe msamaha ndipo arudi. Alirudi kwanza, na kule kurudi kukafungua mlango.

Mwaka 1900 Askofu Tucker alimfanya Apolo kuwa shemasi, na mwaka 1903 akamfanya kasisi. Kwa miaka mingi baada ya hapo kazi yake ilikuwa Toro, akizunguka vijijini, akifundisha walimu na kujenga makanisa. Hakuoa maisha yake yote, lakini nyumba yake haikuwa tupu. Vijana na yatima walilelewa humo, na mshahara wake mdogo haukukaa mkononi, maana alikuwapo sikuzote mwenye haja.

Wakati huo Wazungu walikuwa wakikata mipaka. Waingereza na Wabelgiji walipokwisha kupatana, Boga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji, na Toro ikabaki Uganda. Mstari uliochorwa karatasini ukawatenga watu waliozoea kuoana na kuuziana ng'ombe. Wakristo wa Boga wakabaki kama kundi lisilo na mchungaji. Basi yapata mwaka 1915 Apolo, ambaye sasa alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, akavuka Semliki tena akaenda kukaa nao. Angeweza kupumzika katika Toro, mahali alipopendwa na kuheshimiwa. Lakini aliona ya kuwa mpaka wa serikali si mpaka wa undugu.

Na sasa ndipo ilipoanza kazi ambayo kwayo jina lake lilienea hata Ulaya. Boga iko ukingoni mwa msitu mkubwa wa Ituri. Kuizunguka Boga wako Wahema wafugao ng'ombe, wako Wanyali na Wangiti walimao, na ndani ya msitu wako Wambuti, ambao watu wa zamani waliwaita mbilikimo. Makabila haya hayakuwa sawa mbele ya macho ya watu. Mfugaji alimdharau mkulima, na wote wawili walimdharau Mmbuti. Mmbuti alileta nyama na asali ya msituni, akapewa ndizi na chumvi, lakini wengi hawakumhesabu kuwa mtu kamili. Kumkaribisha aketi pamoja nao lilikuwa jambo la aibu.

Kuanzia mwaka 1921 Apolo aliingia msituni kwao. Msitu ule ni mzito. Mtu atembeaye ndani yake huweza kukaa muda mrefu asilione jua vizuri, na njia za Wambuti hazionekani kwa mgeni. Nao ni watu wa kuhama, leo wapo hapa, kesho wameufuata mnyama au msimu wa asali. Mwalimu aliyezoea kupiga ngoma na kungoja watu waje kanisani asingempata hata mmoja. Apolo aliwafuata walipokuwa, akaketi nao, akala walichokula. Tena hakutaka waisikie Injili kwa lugha ya mabwana zao. Alijitahidi kujifunza usemi wao, akashughulika kuifasiri Injili ya Marko kwa usemi huo, akiwa mtu wa umri ambao wengi wetu tutakuwa tumekwisha acha kujifunza neno lolote jipya.

Wambuti walimsikiliza, na kabla hajafa aliwaona wengine wao wakibatizwa. Jambo hili lilikuwa na uzito kuliko linavyoonekana. Mtu akibatizwa amekuwa ndugu wa kila aliyebatizwa. Basi Mhema Mkristo aliyekuwa akimtazama Mmbuti kama kiumbe cha porini sasa alilazimika kuchagua. Ama amkubali Mmbuti aketi karibu naye, au akiri ya kuwa hayasadiki yale ayasomayo. Nasi tusidanganyane ya kwamba wote walichagua vema. Dharau ni kama magugu, hung'olewa leo na kesho yameota. Lakini tangu siku hiyo mwenye dharau hakuweza tena kusema hakujua.

Walioandika habari za Apolo wanapatana juu ya mambo matatu. La kwanza, alikuwa mtu wa sala. Aliomba kabla ya safari na baada ya safari, na aliwataja watu kwa majina. La pili, alikuwa mtia moyo. Walimu wake wengi walikuwa vijana wenye elimu ndogo, waliopelekwa peke yao katika vijiji vya makabila mengine, kama yeye mwenyewe alivyopelekwa zamani kwa Tabaro. Yeye aliyajua mashaka yao, basi aliwazungukia kwa miguu, akawafariji. La tatu, alipenda ushirika. Ukiyatazama mambo haya utaona ya kuwa ni kama mafiga matatu; ukiondoa moja, chungu kitaanguka. Sala bila ushirika humfanya mtu ajifungie chumbani, na ushirika bila sala huvunjika siku ya kwanza ya ugomvi. Nako kutia moyo ndiko kunakowafanya waliokaa pamoja wasichokane.

Mwaka 1922 Kanisa la Uganda lilimpa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, pale Kampala. Mwingereza mmoja, A. B. Lloyd, aliyefanya kazi pamoja naye, aliandika vitabu juu yake, na watu wa mbali wakazisoma habari za kasisi wa msituni. Apolo hakubadilika kwa sifa hizo. Alirudi Boga kwenye jembe lake, watoto wake wa kulea na walimu wake.

Mwaka 1933 aliugua, akajua ya kuwa safari yake inakwisha. Hakutaka kufia mbali, alitaka kufia Boga, na huko ndiko alikofariki tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza jambo moja juu ya maziko yake. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba alazwe akielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na kazi ambayo haijakwisha. Akazikwa hivyo.

Kutoka nyumba ile ya majani iliyochomwa moto likakua kanisa kubwa. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya askofu wa kwanza wa Kianglikana katika nchi hiyo, ambayo siku zile iliitwa Zaire, na mwaka 1992 Kanisa la Anglikana la huko likawa jimbo linalojitegemea, lenye watu wa makabila mengi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake kuu za sala. Kila tarehe 30 Mei Waanglikana wa nchi mbalimbali humkumbuka Apolo Kivebulaya.

Ningependa kuishia hapo, lakini habari ya kweli haiishii mahali tupendapo. Toka mwaka 1999 hadi 2003 vita vya Wahema na Walendu, ambao Wangiti ni jamaa zao, viliharibu nchi ya Ituri, na maelfu ya watu wakafa. Miongoni mwa waliopigana walikuwamo waliobatizwa katika makanisa yale yale. Na usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, yaani usiku uliofuata siku ya ukumbusho wa Apolo, watu wenye silaha waliivamia Boga na jirani yake Tchabi, wakaua zaidi ya watu 50, na wengi wao walikuwa wakimbizi waliokuwa wamejihifadhi huko. Wengine waliosalia wakaondoka na vitu vichache kichwani, kama walivyoondoka wale wa Sudan Kusini kabla yao.

Je, tuseme basi kazi ya Apolo ilikuwa bure? La, sisemi hivyo. Lakini inatupasa kufahamu ni kazi ya namna gani. Undugu wa makabila si kama nyumba ya mawe, ijengwayo na babu ikakaliwa na wajukuu bila jasho. Ni kama shamba. Baba akilima vizuri, mtoto atarithi udongo mzuri, lakini asipolima yeye mwenyewe msimu huu hatakula. Apolo alilima miaka yake. Aliyekuja baada yake alipaswa kulima yake, na hali kadhalika yule wa Mangateen, anayetandika mkeka Jumapili asubuhi akimwachia nafasi mtu wa kabila jingine, naye analima yake. Hatuwezi kumwambia ya kuwa hatari haiko. Apolo naye hakuambiwa kuwa hatapigwa. Aliambiwa tu kwamba hatakuwa peke yake.

Nanyi ndugu zangu wanafunzi, msidhani ya kuwa habari hii ni ya makasisi na wakimbizi tu. Katika kila shule wako wanaokaa meza moja kwa kuwa wametoka wilaya moja, na yuko mgeni anayekula peke yake kwa kuwa usemi wake unachekesha. Na ninyi wazee wetu mliokwisha maliza hapa, mlioko maofisini na mashambani, mnajua vema kuliko sisi jinsi mtu anavyopewa kazi au kunyimwa kwa sababu ya jina la babu yake. Apolo hakuwa na cheo wakati alipoanza, wala fedha, wala elimu kubwa. Alikuwa na jembe, kitabu, na moyo wa kurudi kwa watu waliomfukuza. Ndiyo maana alipochagua jinsi ya kuzikwa, hakuangalia nyuma kwenye nchi aliyotoka, bali mbele, kwa wale ambao alikuwa hajawafikia.